Koplo Kaltumi Ajaza Fomu ya Chuo

Kila asubuhi Kaltumi hufagia kliniki moja pale Kisenyi, jijini Kampala. Anafagia vizuri mno. Vumbi likimwona linajipanga mstari.

Lakini Kaltumi hakuzaliwa na ufagio. Alikuwa jeshini miaka tisa, koplo, mhudumu wa majeruhi. Sasa anataka kusomea uuguzi, na vyeti vya shule anavyo. Mwaka jana aliomba chuo, hata kwenye usaili hakuitwa. Mwaka huu maombi yanafungwa Ijumaa. Mwakani atakuwa amepita umri ambao chuo hicho kinaupokea.

Jumatano alimpelekea jirani yake fomu. Jirani huyo, Docus, ni Mkenya, karani katika chuo kingine huko Ntinda. Fomu za namna hiyo amezisoma mpaka macho yakaomba likizo.

Docus akasoma. Juu kabisa, namba ya jeshi. Kisha cheo. Kisha vifupisho vya vikosi vitano. Penye "Eleza uzoefu wako" palikuwa na mstari mmoja: Nilitekeleza amri zote.

"Mama Yasiin," akasema Docus, akimwita kwa jina la mwanawe, "miaka tisa, mstari mmoja? Hata muuza chapati wa pale kona angeandika zaidi."

"Jeshini hatujisifu. Kazi ni ya kikosi."

"Kale, sawa. Siku ile uliyowahi kunitajia, lori la jeshi lilipopinduka, wewe ulifanya nini?"

"Tulihudumia majeruhi."

"Kikosi kizima kilishika bandeji moja?"

Muhamadi, mume wa Kaltumi, alikuwa amesimama mlangoni. Akacheka. "Muulize tena, jirani. Mimi nimemwoa miaka kumi na sijapata jibu."

Kaltumi akasema polepole, "Walikuwa kumi na mmoja. Daktari hakuwepo. Niliwapanga mimi. Aliyetoka damu nyingi kwanza, aliyepiga kelele baadaye. Mwenye kelele bado ana pumzi. Wote walifika hospitali wakiwa hai."

Docus akaweka kalamu chini.

"Bambi, pole," akasema Docus. "Na haya yote uliyafagia ukayatupa?"

"Nikiyaandika si nitakuwa najisifu?"

"Kujisifu ni kusema walikuwa ishirini. Kusema kumi na mmoja ni ushahidi."

Wakaanza upya. Vifupisho vikaondoka. "Walimu wa uuguzi hawavijui," alieleza Docus. "Andika kituo cha kutibu majeruhi, kila mtu ataelewa. Sema ulifanya nini, kwa watu wangapi, na mwisho ukawaje. Halafu sema kazi hiyo itakusaidiaje darasani."

"Na siri za jeshi?"

"Ziache huko huko. Mipango, silaha, mahali kikosi kilipokaa, nani anayahitaji hayo kwenye wodi?"

Kaltumi akaambatisha cheti cha kuachishwa jeshi kwa heshima na cheti cha mafunzo ya huduma ya kwanza. Alhamisi alikwenda Bugolobi kwa sajenti mstaafu Okwera, aliyekuwa msimamizi wake, naye akamwandikia barua ya kumthibitisha. Ijumaa, kabla ya saa sita, fomu ikafika chuoni.

Safari hii aliitwa. Kwenye usaili mwalimu mmoja alimuuliza, "Kwa nini hukuanza na anayelia?"

Kaltumi alijibu kama alivyoandika, bila kuongeza wala kupunguza. Mwalimu akaandika kwa muda mrefu. Kisha akauliza ni kitu gani Kaltumi asichokijua.

"Dawa," akasema Kaltumi. "Nazijua chache. Ndiyo maana nimekuja."

Baada ya wiki tatu alipata nafasi.

Siku ya kwanza ya masomo alitoka nyumbani na sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Docus alikuwa akimngoja nje.

"Afande, toa ripoti."

Kaltumi akasimama wima. Mazoea hayafi haraka. Lakini safari hii hakusema ametekeleza amri.

"Kaltumi, mwanafunzi wa uuguzi," akasema. "Kuzuia damu najua. Naenda kujifunza yaliyobaki."