Skrini ya Pili

Nilipita kwa dada yangu saa kumi na mbili jioni, nikitoka kazini, begi la vifaa begani. Mimi ni fundi kompyuta. Kazi aliyoniitia ilikuwa ya robo saa, ile unayoifanya huku unapiga soga.

Kompyuta ilikuwa ya shemeji. Alikuwa mhariri wa video za harusi, na tulikuwa tumemzika miezi minne nyuma. Dada alitaka kutazama video aliyojirekodi mumewe wiki yake ya mwisho. Lakini mtu wa dukani alimwekea mfumo mpya, na mfumo huo haukuitambua kadi ya picha, kile kifaa cha ndani kinachochora picha za skrini. Maandishi yalikuwa makubwa kama ya bango. Video ilikwamakwama, uso wa shemeji ukikatika vipande vipande.

"Hata macho yake siyaoni," dada alisema. "Nirekebishie, mdogo wangu."

Nikamweleza. Kadi inahitaji draiva, programu ndogo ya kuiunganisha na mfumo. Ipo ya bure, ambayo fundi yeyote anaweza kuifungua akaona imeandikwaje. Na ipo ya kampuni iliyotengeneza kadi. Hiyo ina nguvu zaidi, ila imefungwa. Unakubali masharti, unaiweka, basi. Ndani mna nini, hujui.

"Weka yenye nguvu."

Nikabonyeza *Nakubali*.

Skrini ikawa nyeusi. Hilo ni la kawaida. Feni ikaanza kuvuma... kisha ikaja harufu ya dawa ya kuchua, ile shemeji aliyokuwa akijipaka mgongoni. Nikadhani ni kiti chake nilichokalia.

Skrini ikarudi, safi kabisa. Dada akapiga makofi kama mtoto. Pembeni ukatokea ujumbe mdogo: *Skrini mbili zimetambuliwa.*

Nilicheka. Skrini ilikuwa moja. Nikainama chini ya meza, nikaifuata kebo kwa vidole mpaka mwisho.

Moja tu.

Nikafungua video. Hatukuona kitu, lakini tulisikia.

Sauti ya shemeji.

Haikutoka kwenye spika. Ilitoka kulia, ukutani, mahali pasipo na chochote ila rangi.

Nikadhani video imefungukia kwenye hiyo skrini ya pili, nikausogeza mshale wa kipanya kulia, niivute upande wetu. Mshale ukafika ukingoni, ukapita, ukapotea. Nikavuta kushoto. Haukurudi. Nikavuta tena. Ilikuwa kama kuna mtu kaushika.

Dada alishahamisha stuli yake. Alikuwa amekaa karibu na ukuta, sikio kaliegemeza.

"Anasema nisogee," akanong'ona.

"Dada, ni video tu. Aliirekodi zamani."

"Kaniuliza mbona nimekata nywele."

Nywele alizikata wiki moja kabla ya jioni ile.

Kuna kitufe kinachopiga picha ya kila kinachoonekana kwenye skrini zote. Nikakibonyeza. Picha ikatoka pana, mara mbili ya kawaida. Nusu ya kushoto ilikuwa hii skrini yetu. Nusu ya kulia ilikuwa chumba. Chumba kile kile, ila kimegeuzwa, dirisha upande wa mlango. Shemeji amekaa mezani, mkono juu ya kipanya. Kando yake, stuli tupu.

Nikapiga nyingine.

Stuli haikuwa tupu.

Niligeuka. Dada alikuwa pale pale ukutani, macho wazi, anapumua.

"Dada?"

Nikamtikisa bega. Lilikuwa zito kama la mtu aliye usingizini.

Nikaiondoa draiva. Nilitumia kibodi, mshale haukuwapo. Nikakosea nenosiri mara tatu. Kompyuta ikazimika, ikawaka. Maandishi makubwa kama ya bango. *Skrini moja.* Ukuta ukanyamaza, na harufu ikaisha.

Dada hakurudi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimefunga njia, na sikuwa nimehesabu nani yuko upande gani. Nikaiweka draiva tena. *Nakubali.* Skrini moja. Nikaiondoa, nikaiweka. *Nakubali, nakubali.* Mara saba jioni ile, huku naongea naye, namwomba radhi, namwita jina letu la utotoni.

Skrini moja.

Daktari anasema ni mshtuko wa msiba. Fundi mwenzangu anasema draiva zile wakati mwingine huona skrini isiyokuwepo, ni kasoro inayojulikana, hata hawajui kwa nini. Niliwaandikia wenye kampuni. Walijibu kwa heshima kwamba yaliyomo ndani ni siri yao. Picha zile mbili ninazo. Sijamwonyesha mama.

Dada anaishi kwangu sasa. Ukimlisha anakula. Ukimshika mkono anatembea. Kila nikirudi kutoka kazini naijaribu ile kompyuta, draiva mpya, draiva ya zamani, zote. Sina jambo lingine ninalojua kufanya.

Jana nilikuwa namchana nywele. Akacheka. Kicheko chake kabisa, cha mtu anayetaniwa na mumewe. Nikadondosha kitana, nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mashavu.

"Dada! Unanisikia?"

Macho yake yalinipita, yakatua kulia kwangu, pasipo na mtu.

"Mwache," akasema taratibu, bado anatabasamu. "Hawezi kutuona."