Mikono ya Vaileth

Jumamosi asubuhi Vaileth alikuta kazi nne za kufuma juu ya kochi, na yeye alikuwa ameacha tatu.

Hizo tatu alizijua kama vidole vyake. Sweta la bluu la binti yake Anna, lililobakiza mkono mmoja. Blanketi la manjano la mtoto wa Jepkosgei, rafiki yake wa kazini aliyekuwa karibu kujifungua. Na skafu ya kijivu, ambayo ilikuwa yake mwenyewe, kitu cha kwanza kujifumia tangu afike Marekani. Ndivyo alivyopenda kufuma. Akichoka na hesabu za sweta anahamia kwenye blanketi lisilotaka akili, blanketi likimlemea magotini anachukua skafu. Ilikuwa Januari ya 1999, mvua ya barafu imeganda juu ya mji wote wa Riverdale, Maryland, matawi yamekatika, magari yanang'aa kama yametiwa ndani ya chupa, na kule alikofanya kazi ya kuuguza wazee walikuwa wamempigia simu asihangaike kutoka mpaka Jumatatu. Siku mbili nzima ndani, na chai, na nyuzi zake. Hakuwa amepata siku mbili kwa wiki sita.

Ya nne ilikuwa nyekundu.

Ilikuwa mistari kama ishirini, imefumwa kwa mviringo kwenye zile sindano fupi zenye ncha pande zote, kama mtu anayeanza kofia. Vitanzi vilikuwa vimebanwa hata ukucha haupenyi. Mkono wa Vaileth ulikuwa mlegevu, alijijua. Hakuweza kubana hivyo hata akitaka. Uzi aliutambua. Dunstan, mumewe, alimletea madonge mawili mekundu mwezi wa Novemba, wiki aliyorudi kutoka kumzika mama yake nyumbani kwao Muheza. Siku ile alimshukuru mpaka machozi yakamlengalenga, maana katika miaka kumi na moja ya ndoa mume huyu hakuwahi kujua hata duka la nyuzi liko wapi.

Akaichukua ile kazi mpaka jikoni, akamuuliza Dunstan kama anajua imetoka wapi. Dunstan aliitazama mara moja tu, kisha akageukia birika. Akasema labda aliianza mwenyewe akasahau.

"Umechoka na zile shifti, Mama Anna," alisema. "Usi-overreact."

Vaileth hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alikuwa mtu wa kuhesabu vitanzi. Akarudi sebuleni kwa hasira, akachomoa sindano zote nne, akaifumua ile kazi mpaka kitanzi cha mwisho na kuuzungusha uzi kwenye donge lake. Harufu ikapanda kutoka kwenye uzi: ubani uliokaa sana, na nyuma yake nywele zilizoungua. Akalitia donge na sindano kwenye kabati la makoti, akafunga mlango, akakaa dirishani na sweta la Anna. Anna mwenyewe alikuwa mbele ya televisheni, miguu imekunjwa chini ya gauni lake la kulalia.

Hapo ndipo aliposikia sindano zikigongana. Tik, tik, tik, halafu kimya kidogo, halafu tik, tik, tik. Alidhani ni zake. Akasimamisha mikono, akaiweka mapajani, na sauti ikaendelea, taratibu, bila haraka, kama ya mwanamke mzee aliyekaa kitako na kazi yake, ikitoka kwenye kabati la makoti hatua nne kutoka pale mtoto alipokaa, mchana kweupe, jua limetoka juu ya barafu na mwanga umejaa chumba kizima mpaka hapakuwa na kona hata moja ya kujificha kitu.

Akafungua kabati. Kazi nyekundu ilikuwa imerudi kwenye sindano, na sasa ilikuwa mistari thelathini. Alipogeuka, aliona sweta la bluu pale alipoliacha kwenye kiti. Mkono aliokwisha kuumaliza jana, aliouacha wazi kwa ajili ya kiganja cha mtoto, ulikuwa umekazwa mwishoni na kuzibwa kabisa, kama mdomo wa gunia.

"Mwaka umepita sijavikwa," akasema Anna.

Anna alikuwa na miaka saba. Alizaliwa hapohapo Maryland, alikisikia Kiswahili chote, na hakuwahi kujibu kwa Kiswahili hata neno, ukimsemesha utajibiwa kwa Kiingereza mpaka uchoke. Sasa alisema bila kutoa macho kwenye katuni zake, kwa sauti yake ileile ndogo, ila matamshi yalikuwa ya bibi wa Muheza, mazito, yanayovutwa mwishoni.

Kikombe kilimponyoka Dunstan mlangoni. Vaileth alimtazama mumewe usoni, akaona hofu, naye hakumlaumu kwa hofu. Alichokitafuta usoni mwake hakukiona. Dunstan hakushangaa.

"Unamjua," alisema Vaileth kwa sauti ya chini.

Dunstan akakaa palepale sakafuni, kati ya vipande vya kikombe, akaeleza. Alipokuwa mtoto wa miaka tisa aliugua kifafa kisichosikia dawa. Mama yake, ambaye Jumapili aliimba kwaya ya Kianglikana kama watu wote wa kwao, alimpeleka kimya kimya kwa mganga, na kilichokuwa ndani ya mtoto kikasema kwamba kitamwachia kama kitavikwa. Kofia moja nyekundu kila mwaka, iliyofanywa kwa mkono na mtu wa nyumba hiyo. Mama yake akaishona kila mwaka, miaka thelathini. Sasa mama hayupo.

Vaileth alimuuliza kwa nini hakuambiwa, miaka kumi na moja. Dunstan akasema ni mambo ya nyumbani, ya kizamani, alidhani yataishia huko. Alilisema hilo akiangalia zulia.

Nyuma ya jengo lao, kwenye fleti za safu ya pili, alikaa mama mmoja wa Mombasa aitwaye Bi Mwanakombo. Alipika kwenye shule moja Beltsville, na watu walimwendea kwa siri watoto wao wasipolala. Vaileth alimpigia simu. Alikuja amevaa soksi za sufu juu ya viatu ili asiteleze, akishika kuta na magari, na alipoingia kitu cha kwanza alichoomba ni betri ya king'ora cha moshi itolewe. Kisha akawasha ubani kwenye sufuria kuukuu, akakaa chini mbele ya Anna, akamsalimu kwa adabu kama anavyosalimiwa mkubwa.

Anna hakuitikia salamu. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi, na mikono yake ilikuwa ya baridi kama vyuma vya nje.

"Nani amekuleta huku mbali?" Bi Mwanakombo aliuliza.

"Nimeletwa. Sikuja."

"Na nani?"

Mtoto akainua kidole, akamwonyesha baba yake. "Aliniambia kaburini kwa mama yake. Aliniambia, mke wangu anafuma. Akanipa mikono ya huyu." Kidole kikahamia kwa Vaileth. "Nikamuuliza, na asiponivika? Akasema, kuna mtoto."

Nje tawi lilivunjika kwa uzito wa barafu, likaanguka juu ya gari la mtu. Watu wa Riverdale na Beltsville waliosikia habari hii nusu nusu bado wanasema Vaileth ana roho ngumu. Wangekuwepo pale. Wangemwona yule mwanamume asivyokana hata neno moja, naye Vaileth akiyakumbuka machozi yake ya shukrani juu ya madonge mawili ya uzi.

Bi Mwanakombo aliwaita jikoni wote wawili na kuwaambia kwa kunong'ona.

"Kofia yataka kumalizwa, na itamalizwa humu ndani. Mtoto yuko rehani tu, mwenye kumvika akipatikana ataachwa. Lakini lazima niwaambie jambo moja. Mama yako alifanya mapatano haya akiwa kwao, kwenye ardhi yake, na mganga akimshika mkono. Nyinyi hamna hayo. Huku, atakayeimaliza kofia ndiye atakayekaa na jini huyu. Hatamtoka mpaka afe."

Dunstan alikwenda sebuleni. Alirudi na ile kazi nyekundu, ameibeba kwa mikono miwili, akaiweka taratibu juu ya meza mbele ya mkewe.

"Wewe ndiye unayejua kufuma, Mama Anna," alisema.

Vaileth aliitazama kazi, kisha akamtazama yeye. Baadaye alimwambia Jepkosgei kwamba mpaka dakika ile alikuwa bado yuko tayari. Kwa ajili ya Anna angefuma kofia hata kumi, angechukua jini, angechukua na mauti. Kama Dunstan angesema tu, nipe mimi, angemnyang'anya sindano mkononi na kuimaliza mwenyewe. Ila hakusema.

"Nitakufundisha," alisema Vaileth.

Wakaanza saa nane mchana. Alimkalisha kwenye kochi, akamwekea sindano vidoleni, akamwonyesha mara moja: ingiza, zungusha, vuta, achia. Dunstan aliingiza akakosa. Aliangusha kitanzi, Vaileth akamwambia akiokote. Aliangusha tena, akakiokota tena, jasho linamtoka kwenye chumba ambacho pumzi zao zilikuwa zimeanza kuonekana. Alisema hawezi. Vaileth akamjibu kwamba hata yeye hakuzaliwa anajua. Hakumgusia kitanzi hata kimoja. Anna alikaa miguuni mwa baba yake ameshika donge la uzi, hali, hanywi, hafumbi macho, na jioni ikapita hivyo, na usiku, Bi Mwanakombo akiongeza ubani na kusoma kimoyomoyo, mpaka dirisha likawa jeupe tena.

Jumapili karibu na adhuhuri, ikiwa imebaki mistari michache ya kufunga utosi, mtoto akasema, "Mikono si hii."

Dunstan akaacha. Mgongano wa sindano ukaendelea. Zake zilikuwa zimetulia mikononi mwake na sauti ya kugongana ilitoka kwingine, sasa si kabatini tena bali ukutani, na chini ya zulia, na ndani ya kikapu cha Vaileth ambamo blanketi la manjano lilikuwa linajifumua lenyewe mstari kwa mstari, uzi ukitoka na kujikunja sakafuni kuelekea miguu ya Anna, ukapanda kifundoni, ukapanda gotini, na mtoto akatabasamu tabasamu lisilo la mtoto, na akasema kwa yale matamshi ya Muheza kwamba aliahidiwa mikono ya mwanamke, mikono laini inayojua kazi, na kwamba kama haipati mikono atachukua alichowekewa.

Bi Mwanakombo alimkamata Vaileth mkono amzuie. Vaileth akajitoa. Akapiga magoti mbele ya binti yake, uso kwa uso, akamwonyesha Dunstan kwa kidole, na alichomwambia alikisema polepole, bila kupaza sauti, meno yake yakigongana kwa hasira na baridi.

"Mikono ni hii. Mimi sikukuahidi kitu. Sikujui, sikukuita, na hukuniuliza. Miaka thelathini umevikwa na mwanamke kwa ajili ya huyu, na mwanamke huyo amekufa akikushonea. Imetosha. Aliyefunguliwa ni huyu, aliyekuahidi ni huyu, na ana mikono miwili, mizima. Chukua deni lako kwa mwenye deni. Mwanangu muachie."

Uzi wa manjano ukasimama gotini.

"Fuma," Vaileth alimwambia mumewe bila kumtazama.

Dunstan akafuma. Alikuwa akilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipovuta uzi katika kitanzi cha mwisho, Bi Mwanakombo alimwagiza aivishe kofia kwenye ncha ya mgongo wa kiti kitupu, asimame nyuma, asiseme neno. Akaivisha. Ilikuwa kofia mbaya, imepinda, ina matundu. Ikaning'inia pale, tupu, kisha ikaanza kujaa, kwanza utosini, halafu pembeni, ikatanuka mpaka vitanzi vyote vikaonekana vimekazika juu ya kitu cha mviringo kikubwa kuliko kichwa cha mtu, kitu ambacho kiligeuka polepole, kikampita Vaileth, kikampita Bi Mwanakombo aliyekuwa amefumba macho, na kikatulia kikimwelekea Dunstan.

Halafu ikanywea. Dunstan akatetemeka mara moja, mwili mzima, kama mtu aliyevishwa shati bichi.

"Mommy," akasema Anna, "I'm hungry." Na Vaileth akamkumbatia na kumkaza kiasi kwamba mtoto alilalamika, kwa Kiingereza, kwamba anamuumiza.

Bi Mwanakombo alikataa zawadi. Alivaa soksi zake juu ya viatu, na mlangoni akamwambia Vaileth maneno mawili tu: usikae naye.

Vaileth alihama Machi, akaenda na Anna mji wa Columbia, fleti ya karibu na Jepkosgei. Watu walisema mengi. Walisema Dunstan hanywi, hapigi mtu, analipa kodi ya nyumba, na mwanamke amemtupa. Vaileth hakuwaeleza. Dunstan hakumbembeleza arudi. Alipiga simu kila Jumamosi saa nne asubuhi, akauliza shule, akauliza kikohozi, akaaga kwa upole, na kwa wiki kadhaa Vaileth alianza kudhani labda hasira yake itapoa.

Jumamosi moja ya Mei alipiga simu kama kawaida.

"Tumemkumbuka Anna," alisema. "Tungependa kumwona."

Vaileth aliuliza: "Wewe na nani?"

Upande wa pili palikuwa na pumzi, halafu tena pumzi, moja haikungoja nyingine iishe. Sauti ya Dunstan iliporudi ilikuwa imechoka sana.

"Vai," alisema, "usituulize."

Vaileth aliuchomoa waya wa simu ukutani, akaenda chumbani kwa Anna, akaanza kufungasha nguo.