Kadi ya Priscille

Kile kidude kiliwaka taa kabla hakijachomekwa popote. Vahwere alikiona asubuhi alipokuwa akijitanda kitenge chake cha kijani mabegani, akajiambia kwamba ni jua la mlangoni. Mtu mwenye haraka husadiki lolote.

Alikuwa na studio ndogo ya picha mjini Bunia, mama wa Kinande mwenye ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Mwaka ule vita vilikuwa vimerudi Djugu, watu wakikimbia na nyumba zikibaki wazi. Lecteur yake, kidude cha kusomea kadi, ilipoungua, alinunua nyingine kuukuu sokoni, kwenye meza ya vitu vilivyoporwa huko. Kila mtu aliijua meza ile. Kila mtu aliijua pia sheria: kitu cha nyumba iliyokimbiwa hakivuki kizingiti kabla ya kuombewa. Vahwere alikivusha hivyo hivyo. Wateja wanangoja, alisema, na Mungu hana haraka.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Domitille, aliyekimbia kutoka Djugu na kuishi kambini. Alifungua fundo la kitenge, akatoa kadi ya simu ya kuhifadhia picha, ndogo kama ukucha.

"Mutoto wangu Priscille alikufa jana," alisema. "Kesho tunamuzika. Simu iliharibika, sura yake iko humu tu. Nataka foto ya kuweka juu ya sanduku."

"Pole sana, mama. Ikala hapa," Vahwere alisema, akimsogezea kiti.

Vahwere aliiingiza kadi. Kompyuta ikakoroma, kisha ikauliza kwa Kifaransa kama ifute kadi nzima: Oui ama Non, ndiyo ama hapana. Hilo halikumshtua. Kadi za siku hizi ni ndogo kwa mwili lakini tumbo lao ni kubwa, lecteur za zamani haziziwezi, na kompyuta isiyoelewa kitu hupenda kukifuta. Wenye bunduki nao wako hivyo. Akabonyeza Non.

"Iko nini?"

"Hii lecteur iko ya zamani, mama. Haijue kadi kama hii. Tujaribu tena."

Mara ya pili, harufu ya paa la nyasi linaloungua ikajaa studio. Domitille akaruka hadi mlangoni, kwa maana aliijua harufu ile vizuri mno. Nje hapakuwa na moto, ila mwanamke akipita na beseni la samaki wa Tchomia. Ndani ya kidude, kitu kikaanza kugonga polepole, kama kidole kinachobisha hodi.

Mara ya tatu picha ikafunguka yenyewe. Watu sita, wazee kwa watoto, walikuwa wameketi kwa mstari mbele ya nyumba, na kiti cha saba kilikuwa kitupu. Wote walimtazama Vahwere. Chini yao lilikuwapo swali lilelile, Oui ama Non, na kishale kikaanza kutambaa chenyewe kuelekea Oui, naye akaishika souris, kipanya cha kompyuta, kwa mikono miwili akiivuta kama avutaye mbuzi mkaidi, na kule kugonga kukahamia ukutani, kisha chini ya meza, kisha nyuma ya shingo yake, na alipotaka kuichomoa kadi akakumbuka kwamba ikiharibika Priscille atazikwa bila sura, basi akabaki pale, akimchukia aliyemuuzia kidude na kujichukia mwenyewe zaidi.

"Ile kitu ulitosha wapi?" Domitille alinong'ona.

"Ku soko."

"Ku meza gani?"

Vahwere akazidi kuivuta souris. Kishale kikagusa ukingo wa Oui.

"Weye, sema! Ni mutoto wangu anafutwa!"

"Ku meza ya pillage! Nilijua. Ilitoka kwenu, ku nyumba ya batu, na sikuombea. Munisamehe!"

Kugonga kukakoma. Domitille akasogea karibu na kioo, akawasemesha wale sita kwa lugha ya kwao, taratibu, kama mtu anayesalimia majirani. Swali likatoweka. Priscille akatokea na sare yake ya shule, akicheka, jino moja limepinda. Mama yake akaugusa uso ule kwa kidole, na Vahwere akachapa picha huku machozi yakimtoka.

"Ulibaambia nini, mama?"

"Nilibaambia mutoto wangu hakubaibia kitu." Domitille aliifunga picha ndani ya kitenge chake. "Ile kidude urudishe."

"Nirudishe kwa nani? Benyewe balikufa."

Domitille alimtazama kwa huruma, akaenda zake.

Vahwere aliichomoa lecteur, akaitupa nje, akarudi kuzima kompyuta. Wale sita walikuwa wamerudi kwenye kioo, bila kadi, bila waya. Kiti cha saba kilikuwa bado kitupu, ila sasa mgongoni pake palikuwa pametundikwa kitenge cha kijani.

Akapapasa mabega yake. Yalikuwa wazi.