Msukumaji wa Bel-Air

Kila siku baada ya masomo, kabla wenzake hawajafika uwanjani, Mwajuma alichukua ufagio. Hakufagia uwanja mzima wa mtaa wao wa Bel-Air. Huo ungemmaliza mtoto wa miaka kumi na mitatu. Alifagia kijia kimoja tu, kutoka mstari wa goli hadi nje ya nusu duara, akiondoa kila kokoto katika udongo mwekundu. Katika mpira wa magongo, timu ikipewa kona ya adhabu, mchezaji mmoja huinama mstarini na kuusukuma mpira kwa gongo lake. Wa pili huutuliza nje ya nusu duara, na wa tatu huupiga golini. Mwajuma alisukuma, Yasmine alituliza, Benita alipiga.

Na Benita ndiye aliyeshangiliwa. Hapo ndipo penye mwiba.

Jumapili moja waliwafunga wasichana wa Kenya, mtaa mwingine wa mji wao, mabao mawili kwa sifuri. Mama Jeanne, muuza mboga, aliacha meza yake akaja kumkumbatia Benita. "Eh, mutoto wetu! Mutoto wa magoli!" alipiga kelele, na njiani akampita Mwajuma kana kwamba anapita nguzo ya umeme. Nyumbani mambo yalikuwa yaleyale. Mama yake alimwekea bukari, ugali wa kwao, na samaki, kisha akauliza, "Benita alifunga ngapi?" Hakuuliza jingine.

Mwajuma alikula bila kuhisi ladha. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, husema wahenga. Lakini yeye aliinama kila siku, na cha mvunguni alichukua mwingine! Wivu ukamkwama kooni kama mwiba wa samaki, asiweze kuumeza wala kuutema.

Jumatano kocha wao, Guelord, aliwakusanya. "Batoto, musikilize. Siku ya posho Mama Chilufya atakuya. Alichezea timu ya taifa, na sasa njo anachagua vijana ba kwenda kucheza Lusaka. Kila mutu aonyeshe kazi yake."

Wote wakamgeukia Benita. Benita akacheka kwa woga, akaushika mkono wa Mwajuma. "Miye naogopa," alinong'ona. Mwajuma aliuacha mkono wake ushikwe, lakini moyoni alisema, "Hutaenda."

Jumamosi, hiyo siku ya posho, ilipofika, Mama Chilufya aliketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mstari wa goli, daftari mapajani. Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na maneno mengi. Timu ikajigawa pande mbili, mchezo ukaanza, na haukupita muda upande wa Mwajuma ukapewa kona ya adhabu.

Mwajuma alijua vizuri alichotaka kufanya. Kuupeleka mpira pembeni kungeonekana na kila mtu. Kwa hiyo aliusukuma palepale pake, ila kwa nguvu pungufu kidogo kuliko siku zote. Kidogo hicho kiliwatosha mabeki kutoka mstarini na kumkimbilia Benita. Benita alipoinua gongo lake, walikuwa wamekwisha kumfikia, na mpira ukazuiwa. Kona ya pili ikawa vilevile. Katika ya tatu, gongo la beki lilimpata Benita mguuni, akaanguka.

"Benita! Leo iko nini na weye?" alifoka kocha.

Mwajuma alifurahi. Alifurahi kweli, kwa muda wa kumeza mate. Kisha Benita akaja akichechemea, macho yake yamejaa machozi.

"Unisamehe, Mwajuma. Mipira yako iko muzuri. Miye njo naharibu kazi yako."

Heri angemtukana! Mwajuma alikosa pa kuyaweka macho yake. Ile furaha ikageuka aibu, na aibu hiyo ilikuwa chungu kuliko wivu wenyewe. Wakati wa mapumziko miguu yake ilimpeleka hadi kwenye kiti cha plastiki.

"Mama, Benita hana kosa. Ni miye. Nilipunguza nguvu makusudi."

"Najua," alijibu Mama Chilufya. "Niliona tangu mupira wa kwanza. Juu ya nini ulifanya vile?"

"Juu bantu banamuona yeye tu. Miye hakuna mutu ananiona."

Mama Chilufya alifunga daftari lake. "Nilichezea taifa miaka tisa. Nilicheza Lusaka, nikacheza Accra, nikacheza Pretoria. Unajua nilifunga magoli ngapi?"

"Mingi?"

"Hata moja. Nilikuwa musukumaji kama weye. Bapigaji bako kila mahali, mwanangu. Hapa nilikuya zaidi kutafuta musukumaji, na kocha wako alinipa jina moja tu: Mwajuma."

Kumbe macho yote aliyoyatamani yalikuwa yamekaa hatua tatu kutoka kwake, yakimtazama yeye akifanya hila!

"Uende kwanza umuambie Benita," alisema yule mama. "Yangu baadaye."

Mwajuma akaenda, akamwambia rafiki yake yote, hata lile neno alilolisema moyoni. Benita alimpa mgongo, akachechemea hadi katikati ya uwanja, akasimama huko peke yake. Baada ya kitambo akarudi na mpira mkononi, uso ungali umekunjamana.

"Sukuma," alisema. "Lakini ya kweli."

Mchezo uliporudi na kona ya adhabu ikapatikana, Mwajuma aliinama, akausukuma. Mpira ulipita chini kwa kasi, Yasmine akautuliza, na mabeki walikuwa bado njiani Benita alipoupiga. Goli! Kona iliyofuata, goli tena.

Jioni Mama Chilufya aliwaita. "Benita, utaenda Lusaka. Mwajuma, weye hapana."

Machozi yalimtoka Mwajuma, wala hakujaribu kuyaficha.

"Sikia vizuri," aliendelea Mama Chilufya kwa sauti ya upole. "Mupigaji hana nafasi ya kukuangalia. Anainua gongo lake kabla mupira haujafika, kwa sababu anakuamini. Mikono yako ni mizuri, lakini musukumaji asiyeaminika hana kazi kwenye timu yoyote. Ulidhani wivu unamkata Benita, kumbe ulikukata weye mwenyewe. Ila umesema kweli bila kulazimishwa na mutu, na hilo nimeliona pia. Mwezi wa sita nitarudi kukutazama tena."

Mwajuma aliitikia kwa kichwa tu. Wenzake walianza kukusanya vitu vyao, lakini Benita hakuondoka. Alikuwa akiuviringisha mpira kwa ncha ya gongo lake.

"Safari iko baada ya wiki mbili," alisema mwishowe. "Mpaka ile siku, nani atanisukumia?"

Mwajuma akajifuta uso kwa mkono wa jezi yake, akaenda mstarini, akainama.