Jiwe la Wanja Kutoka Karakanani

Bi Mwanasiti wa Muyeye hakuwa mtu wa kuamini upesi. Jirani akimchekea sana, alijiuliza anataka nini. Basi mwanawe Muhidin alipopata mtoto, Mahadhi, bibi alimkinga mjukuu na kila jicho la mtaa. Kinga yake ilikuwa wanja.

Jiwe lake la wanja likaisha. Muhidin, fundi katika karakana ya betri za magari, akamletea kipande kinachong'aa kama fedha. Bibi alipokigonga kwa mchi kilivunjika kama gae.

"Chuma gani hiki, hakipindiki?" aliuliza Khamisa, mke wa Muhidin.

"Si chuma, ni jiwe lenyewe hili," alijibu bibi.

Akakitwanga, akakichekecha kwa kitambaa chepesi cha melimeli mpaka unga ukawa laini, ukipumua tu unapaa. Akampaka mtoto machoni asubuhi na jioni.

Macho ya Mahadhi yakavimba, yakatoa usaha. Zipporah, muuguzi wa zahanati aliyekaa mlango wa pili, akaja kumtazama.

"Shikamoo, Bi Mwanasiti. Uacheni wanja, mtoto apelekwe zahanati."

"Marahaba," alijibu bibi. Moyoni alisema: ndiye huyu. Juzi alimsifu mtoto bila kusema mashallah. Zipporah alipotoka, bibi akaongeza wanja.

Asubuhi mtoto alishindwa kufumbua macho. Khamisa, ambaye hakuwahi kumjibu mkwewe, akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, tayari kwenda zahanati.

"Niwie radhi, mama. Mwanangu akipofuka, wanja hautamrudishia macho."

Bibi akawafuata na unga wake kwenye kifundo cha leso, kwa kuwa hata sindano za zahanati hakuziamini.

Zipporah alimwosha mtoto macho kwa maji safi, kwa muda mrefu. Kisha akautazama ule unga, akauliza ulikotoka. Muhidin aliitwa, akaja ameinamisha kichwa.

"Inaitwa antimoni," alisema. "Tunaichanganya na madini ya risasi ili sahani za betri ziwe ngumu. Viwandani, unga unaotokana nayo hutiwa kwenye vitambaa visishike moto upesi. Sisi twakatazwa kuisaga bila kufunga pua."

"Na bado ukaniletea?"

"Ulitaka jiwe linalong'aa, mama. Nami sikufikiri."

"Likiwa zima, madhara yake ni machache," alisema Zipporah. "Likisagwa laini hivi, linaingia machoni na puani. Mtoto akijifuta kwa mkono kisha akautia mdomoni, analilamba. Ulaini uliousifu ndio hatari yake."

Bibi akamkazia macho. "Na wanja wa dukani?"

"Mwingi una risasi, nayo huharibu akili ya mtoto. Usimpake kitu. Akiwa na tongo, mfute kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Macho yakivimba, mlete hapa siku hiyo hiyo."

Bibi aliona haya. "Nilidhani ni jicho lako," alisema.

"Nilijua," alijibu Zipporah. "Nishikie kichwa chake, nimtie dawa."

Wiki iliyofuata Mahadhi alikuwa akifuata taa kwa macho. Siku ya arobaini nyumba ilijaa wageni. Binamu mmoja kutoka Lamu akatoa kichupa cha wanja, akamwinamia mtoto. Bibi akamdaka mkono.

"Umesagwa na nani? Una nini ndani?"

"Dada, wanishuku mimi?"

"Nakushuku," alisema Bi Mwanasiti. "Kwa macho ya mtoto huyu, nimeanza kujishuku mwenyewe."