Waya wa Pili

Kila siku akitoka shuleni, Chiriku alipitia hospitali alikofanya kazi mama yake. Jina hilo alipewa na babu yake, baba wa mama, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Mama hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa fundi wa mtandao. Chumba chake kilikuwa cha baridi, na katikati lilisimama kabati la chuma lenye seva kubwa, yaani kompyuta inayohudumia hospitali nzima. Ndani ya seva hiyo moja zilifanya kazi seva nyingine nyingi zisizoshikika kwa mkono: ya maabara, ya duka la dawa, ya kadi za wagonjwa. Zote zilitegemea nyaya mbili tu za mtandao, kila mmoja umechomekwa kwenye swichi yake, kisanduku cha kugawa mtandao. Mmoja ukikatika, mwingine ulibeba mzigo.

Jumatatu moja, mama akiwa ametoka, Chiriku alichomoa waya mmoja ili autumie kwenye kompyuta ndogo, apate kutazama katuni. Hakuna kilichozimika, maana waya wa pili ulikuwa kazini. Lakini katika kuuchomoa alivunja kile kiplastiki kinachoushikilia. Aliurudisha, akakitupa kipande, akanyamaza. Maadamu hakuna aliyeona, alijiambia, hakuna kilichoharibika.

Ijumaa walikuwa wasafiri kwenda kwa babu, aliyekuwa mgonjwa taabani. Mjomba alikuwa amepiga simu alfajiri: "Dada, njooni leo leo. Mzee anakuulizia wewe tu." Basi lilikuwa liondoke saa sita mchana. Mama alipitia kazini kukabidhi funguo tu, na mabegi waliyaacha mlangoni.

Hapo ndipo swichi moja ilipoungua. "Haidhuru," mama alisema, "waya mwingine uko kwenye swichi nzima."

Lakini seva zikaanza vituko: zinarudi, zinapotea. Foleni ya duka la dawa ikafika nje. Mama alipokwenda nyuma ya kabati na kuugusa ule waya uliobaki, kitaa cha mtandao kiliwaka. Akirudi kwenye skrini, mawasiliano yamekatika tena. Kwa macho, waya ulikuwa umeingia barabara, kwa hiyo akashuku mipangilio ya seva. Akaipanga upya, akaifuta, akaipanga tena, jasho likimtoka ndani ya baridi ile.

Chiriku alijua. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili akaufunga. Mama alikuwa amekunja uso, na Chiriku aliogopa kugombezwa kuliko kitu chochote.

Simu ya mama ikalia. "Bado kidogo, kaka," alijibu, macho kwenye skrini. "Mwambie baba nakuja." Saa sita ikafika, ikapita. Basi likaondoka.

Ndipo Chiriku alipoangua kilio. "Mama, ni mimi! Nilivunja kishikio cha waya. Umeingia, lakini haujashika."

Mama alichukua waya mpya, akauchomeka mpaka ukalia "ta!" Seva zote zikarudi, zikatulia. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

Walipanda basi la jioni. Mjomba aliwapokea mlangoni, macho yamemwiva. "Pole, dada. Ametutoka jua likizama," alisema kwa sauti ya chini. "Kila mlango ulipofunguliwa, aliuliza, 'Ni yeye?'"

Kando ya kitanda palikuwa na kiti alichowekewa mama tangu mchana. Mama alikaa hapo, akalia kwa kwikwi kama mtoto mdogo. Chiriku alijibanza ukutani, akitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nisamehe, mama. Nilijua utanigombeza."

"Ningekugombeza, tena sana," mama alisema, akijifuta machozi kwa kiganja. "Halafu ningebadilisha waya, tungewahi basi, na baba angeniona. Kuvunja waya nimeshakusamehe, mwanangu. Lakini zile saa ulizokaa kimya, sina pa kwenda kuzitafuta. Ukiharibu kitu, sema papo hapo, hata kama unatetemeka. Kosa ukilisema, tutalirekebisha pamoja. Ukilificha, linaendelea kuharibu, na hujui litamfikia nani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Mama akasogea kidogo, akamwachia nafasi kwenye kile kiti, wakalia pamoja.