Haendi Mzingani Peke Yake

Kila asubuhi Getrude alikoka moto, akainjika sufuria ya chai, halafu akasimama mbele ya ukuta wa jikoni. Ukutani alikuwa amebandika karatasi nne. Zilijaa maneno ya Kiingereza. Aliyanakili kutoka kwenye daftari la binti yake Mercy, anayesoma bweni mjini Mpanda.

"Put. Take. Look. Wait. Give," alikariri, macho ameyafumba.

"Mama Mercy, hiyo ni rozari ya wapi?" aliuliza mumewe, Kalisti, huku akitafuta sukari.

"Cheka tu. Leo nimefikisha maneno mia mbili na kumi."

"Mia mbili na kumi! Na sukari iko wapi?"

Getrude na Kalisti ni wafugaji wa nyuki huku Ugalla. Mizinga yao ishirini iko msituni, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Mwaka jana wageni walikuja kuona kazi ya kikundi chao. Wageni hawakujua Kiswahili, kwa hiyo kikundi kilimwita mkalimani kutoka mjini. Mkalimani yule aliogopa nyuki. Alisimama mbali kabisa na mizinga, lakini ndiye aliyeeleza kila kitu. Getrude, ambaye amerina asali miaka kumi na mbili, alisimama kando kama nguzo ya uzio. Hakuna aliyemwuliza hata jina.

Jambo hilo lilimuuma. Lilimuuma kuliko nyuki, na Getrude anawajua nyuki.

Mwaka huu wageni wengine walikuwa njiani. Getrude alimwambia mwenyekiti wa kikundi, mzee Bartolomeo, kwamba yeye ndiye atakayewaongoza.

"Kwa Kiingereza?" mzee Bartolomeo aliuliza.

"Kwa Kiingereza. Kazi ni yangu, nitaieleza kwa mdomo wangu."

"Haya. Jumapili baada ya misa nitakusikiliza. Ukishindwa, tunamwita yule wa mjini."

Jumapili ilifika. Wanakikundi walikaa kwenye mabenchi. Mzee Bartolomeo anajua Kiingereza kidogo, basi akajifanya mgeni. Akashika kofia ya wavu, ile ya kuzuia nyuki wasifike usoni.

"Mimi ni mgeni," alisema. "Niambie nifanye nini na hii."

Getrude alifungua mdomo. Maneno mia mbili na kumi yalikuja yote kwa pamoja, yakakwama mlangoni.

"Put," alisema.

Watu walisubiri.

"Put," alisema tena.

Benchi la nyuma likaangua kicheko. Getrude naye alicheka, maana angefanya nini? Lakini macho yalikuwa yamelowa.

"Nakupa mpaka Alhamisi, mwanangu," alisema mzee Bartolomeo kwa upole.

Jioni hiyo jirani yake Aurélie alipita kuazima chungio. Aurélie ni mzaliwa wa Katumba, makazi ya watu waliotoka Burundi. Huko alifundisha Kiingereza madarasa ya watu wazima kwa miaka mingi. Aliziona zile karatasi, akazisoma moja baada ya nyingine.

"Nani ameyaacha maneno haya peke yake hivi?" aliuliza.

"Peke yake vipi, dada?"

"Hebu niambie. Wewe unakwenda mzingani peke yako?"

"Hapana! Huku kwetu nani anakwenda peke yake? Lazima muwe wawili. Mmoja ashike bomba la moshi, mwingine afungue mzinga."

"Ukienda na Kalisti, kazi yako ni ipi?"

"Mimi nafungua, yeye anafukiza."

"Na ukienda na Prisila?"

"Prisila ana mkono mwepesi. Yeye anafungua, mimi nashika moshi."

"Wewe si Getrude yuleyule?"

"Ni mimi yuleyule. Mwenzangu amebadilika, na kazi imebadilika."

Aurélie akagonga karatasi kwa kidole. "Basi hili neno 'put' ni kama wewe. Likienda na 'on', kazi ni kuvaa. 'Put on the hat', vaa kofia. Likienda na 'out', kazi ni kuzima. 'Put out the fire', zima moto. Likienda na 'down', ni kuweka chini. Wewe umekariri mtu mmoja mmoja, hujui leo yuko na nani."

Getrude aliitazama ile karatasi. "Kwa nini Waingereza wanajisumbua hivyo?"

"Na sisi tunawasumbua! Tunasema funga, halafu fungua. Tunabadilisha mkia wa neno. Wao wanaliacha neno lilivyo, wanalipa mwenzake. Kila lugha na mila yake. Mimi nilianza na Kirundi, nikaja Kiswahili, kisha Kiingereza. Zote zilinisumbua kabla hazijanizoea."

Getrude alicheka. Aurélie akaendelea.

"Kuna wenza wengine hawabadilishi kazi sana, ila lazima wawepo. 'Wait for me', ningoje. 'Listen to me', nisikilize. 'Look at the hive', tazama mzinga. Hapo Watanzania wengi tunateleza. Tunasema 'wait me', kwa sababu Kiswahili hakihitaji kineno hicho."

"Sasa nitajuaje nani anakwenda na nani?"

"Kalisti ulimjuaje?"

"Kwa kufanya naye kazi."

"Umejibu. Usikariri neno. Sema sentensi nzima, na mkono ufanye kazi hiyohiyo."

Asubuhi iliyofuata zile karatasi nne zilitumika kuwashia moto wa chai. Kalisti alifanywa mgeni. "Put on the gloves," aliambiwa, akavaa glavu. "Take off the hat," akavua kofia. "Sit down," akakaa. Hiyo aliipenda mno. Alipoambiwa "stand up" alijifanya hajaisikia.

Alhamisi mzee Bartolomeo alisikiliza mwanzo hadi mwisho. Hakusema mengi. "Mkalimani hatumwiti," alisema.

Jumamosi wageni watano walifika. Getrude aliwavalisha, akawapeleka msituni, Kalisti akiwa mbele na moshi. Mzinga wa kwanza ukafunguliwa. Mama mmoja mrefu alifurahi sana. Kwa furaha hiyo akainua wavu wa kofia ili apige picha. Nyuki wakaanza kumzunguka.

Getrude hakuwa na nafasi ya kufikiri.

"Pull down the net! Put down the camera! Don't run. Move away from the hive. Come with me."

Yule mama alitii kila neno. Akashusha wavu, akaweka kamera chini, akaondoka polepole ameshikwa mkono. Hakuumwa hata mara moja. Walipofika mbali, alimkumbatia Getrude. "What is your name?" aliuliza.

Getrude akalitaja jina lake, tena kwa sauti.

Kabla ya kuondoka msituni alisema, "Put out the fire," na Kalisti akamwaga maji kwenye makaa ya bomba. Getrude akawaeleza wageni kwamba nyasi ni kavu, na cheche moja inaweza kuunguza msitu mzima na nyuki wake. Mzee Bartolomeo, aliyekuwa amefuatana nao, alikuwa ametoa daftari la kikundi. Kwenye nafasi ya mwongoza wageni aliandika jina la Getrude.

Walirudi kwa njia nyembamba. Getrude alikuwa mbele na wageni, akiongea, mikono ikienda huku na huku. Nyuma kabisa alikuwa Kalisti, na ndoo mbili za asali. Alikuwa anaachwa.

"Mama Mercy!" aliita. "Wait for me!"

Alisema pamoja na kile kineno kidogo, 'for', mahali pake hasa. Hakuna aliyemfundisha kukariri.

Getrude akawaomba wageni wasimame. Kisha akarudi nyuma, akapokea ndoo moja.